Mawakili Watatu na Swali la Baba

Naomba mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Shuleni hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, nilifundishwa kuandika Kiingereza na Kichewa, na niliishia darasa la nane. Kiswahili cha kuandika nimejitafutia mwenyewe. Mahali ambapo r imekaa kwenye kiti cha l, someni tu mpite. Naandika polepole, ukurasa mmoja unaweza kunimalizia asubuhi, na mkono wenyewe hauna uzuri. Ninapoeleza mimi nitajaribu Kiswahili cha vitabu. Watu wakiongea nitawaacha waongee kama tunavyoongea Dzaleka, ambako ndiyo ni njo na watu ni bantu.

Ninachoandika ni kesi ya baba yangu. Ni yangu pia, na ya mama, kwa sababu sote tuko chini ya jina lake, na yeye akikataliwa tumekataliwa wote. Aliomba ukimbizi, akakataliwa. Akakata rufaa, akakataliwa tena. Ilibaki Mahakama Kuu ya Lilongwe peke yake. Pale tukishindwa tunaweza kuambiwa tutoke Malawi, na mimi nchi nyingine siijui. Niliingia hapa nikiwa mgongoni mwa mama. Kongo naijua kwa hadithi na kwa chakula tu.

Baba ni mtu wa Kindu, katika Maniema. Alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, sabuni na vitenge. Alikwenda kununua Bukavu, akarudi kuuza kwao. Huko Bukavu ndiko alikomwoa mama, ambaye ni Mkristo. Walipomhoji hapa Malawi walimwuliza mambo mengi mazito, na katikati wakamwuliza swali jepesi: ulikuwa unafanya kazi gani? Baba alifurahi. Alikuwa amechoka kueleza moto na bunduki. Akawaeleza biashara yake yote, barabara, mizigo, miji aliyofika, watu waliomjua. Jibu lilipokuja, lilisema kwamba mtu aliyezoea kusafiri na kufanya biashara katika miji mingi anaweza kwenda kuishi katika mji mwingine wa nchi yake mwenyewe. Kwa hiyo hana haja ya Malawi.

"Kazi yangu njo ilinishitaki," baba alisema siku ile, na amelisema mara nyingi tangu hapo.

Naeleza hili ili muelewe kwa nini alipoanza kutafuta wakili, swali lake la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa hilo hilo. Lakini lilikuwa pia na mizizi ya kwao. Kindu, anasema baba, muuzaji mgeni akija sokoni haulizwi bei kwanza. Anaulizwa zamani alitumika kwa nani. Aliyetoka duka la jirani anajua bei ya kweli ya duka la jirani, na mtu wa namna hiyo ndiye wa kushika. Baba aliamini kwamba mawakili ni kitu kama hicho.

Mimi nilikwenda naye kila mahali kwa sababu ya Kichewa. Chake ni cha sokoni, kinatosha kuuzia kitenge, hakitoshi mahakama. Ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Mimi ni mtu wa aibu. Nikitafsiri naangalia chini, na nikimaliza nanyamaza, na mara nyingi watu wanasahau kwamba nina sauti yangu mwenyewe.

Wakili wa kwanza alikuwa Lilongwe, City Centre, ghorofani, juu ya benki. Mlango ulikuwa wa kioo na ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Msichana wa mapokezi alitupatia maji katika chupa ndogo, na baba akaificha yake ndani ya koti apelekee mama. Wakili mwenyewe alikuwa mtu mzima, mpole, wa kucha safi. Baba alimwambia, kupitia kwangu, kwamba kabla hajaeleza shida yake angependa kujua yeye alikotoka.

"Mimi ni wa Blantyre," akasema.

"Mwambie si kijiji," baba akaniambia. "Kazi. Mbele ya hii alikuwaka anatumika wapi?"

Yule mzee hakukasirika. Nadhani hata alipenda kuulizwa. Alisema alianza na benki. Mtu akishindwa kulipa mkopo, yeye ndiye aliyepeleka karatasi za kuuza nyumba yake. Alifanya hivyo miaka mingi. Baadaye wateja wake wageni, wenye viwanda na maduka makubwa, wakawa wanamwomba awatafutie vibali vya kuishi na kufanya kazi. Akaona huko kuna kazi nzuri isiyo na kelele. Sasa watu wanamwita wakili wa uhamiaji.

"Na wakimbizi?" baba akauliza. Neno hilo alilijua mwenyewe, hakunisubiri.

Mzee alifikiri kidogo. "Kuna watu wanaingia nchini kwa mlango wa mbele, bambo. Mimi ni wakili wa mlango huo."

Alisema kwa heshima kabisa, maana bambo kwao ni bwana, akasimama kutupa mkono wa kwaheri. Mimi nilimtafsiria baba, na sikupunguza neno, ingawa nilitamani.

Kwenye ngazi baba alicheka. "Ule alikuwaka anauza manyumba ya bantu. Sisi hatuna hata nyumba ya kuuzishwa. Angetutakia nini?"

Mlango wa mbele. Ninapopita City Centre na kuona vioo vile bado nauona mkono wake, safi, unatuaga.

Wakili wa pili hatukumfuata mbali. Alikuwa hapa hapa Dzaleka, katika chumba cha mabati cha watu wanaotoa msaada wa sheria bila malipo. Alikuja siku moja katika wiki, akakaa nyuma ya meza ya mbao, na foleni ilianza kabla jua halijapata nguvu. Alikuwa mwanamke kijana wa Kimalawi, viatu vyake vimejaa vumbi letu jekundu. Baba alipomwuliza swali lake, yule dada aliweka kalamu chini.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo hapa," akasema. "Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Ntcheu. Nilifundisha darasa la tano. Sheria nilisoma baadaye."

Baba akanitazama, kama vile mimi ndiye niliyekosea kutafsiri.

"Muulize kesi kama yangu alizifanya ngapi mahakamani."

"Hii itakuwa ya pili," yule dada alisema.

"Na ya kwanza?"

"Tulishindwa."

Baba akataka kusimama. Lakini yule mwanamke hakuona kwamba mambo yamekwisha, akaanza kumwuliza. Alipokwenda Bukavu kununua, alilala wapi? Gesti, baba akasema, mara nyingine kwa rafiki. Alikuwa na nyumba kule, au duka? Hapana. Alipomwoa mama, waliishi wapi? Kindu. Kuna mwaka wowote alikaa katika mji mwingine bila kurudi nyumbani? Hapana, angekaaje, mzigo unataka kuuzwa. Vita ilipofika Kindu, ile barabara ya biashara iliendelea kuwa wazi? Baba akacheka bila furaha. Barabara njo ilikuwa ya kwanza kufungwa.

"Basi hapo ndipo walipokosea," yule dada akasema, naye akaniambia mimi, polepole, ili nitafsiri vizuri. "Kulala gesti si kuishi. Wameandika kwamba anaweza kukaa katika miji ile kwa sababu aliipitia. Hawakumwuliza kama aliwahi kukaa, wala kama ile njia bado ipo. Mahakamani mimi ningeanza na hilo, na pengine ningeishia na hilo."

Nilitafsiri. Baba aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akasema zikomo, tukatoka.

Mama alikuwa anatusubiri nje. Nilimwambia yaliyosemwa, na uso wake ukafunguka.

"Huyu njo amekuuliza vizuri," akamwambia baba. "Miaka yote hii hakuna mwenye alikuuliza ulilala wapi."

"Ameuliza kama mwalimu. Ataenda kufanya nini kule? Atapiga bajuji fimbo?"

"Si alikuambia ukweli?"

"Ukweli sisi tuko nao wenyewe," baba akasema. "Na umetufikisha wapi?"

Mama alifunga upya kitenge chake, akatangulia nyumbani. Mimi nilikuwa na jibu, lakini jibu langu hukaa tumboni mpaka watu waondoke.

Wa tatu alitufikia kwa njia ya sokoni. Kwenye soko la kambi kuna mama mmoja wa Bukavu anayekaanga mandazi, na mbele ya jiko lake wanaume hukaa kupima mawakili kama wengine wanavyopima makocha wa mpira. Huyu alikuwa kwa serikali, yule kwa kanisa, yule mwingine baba yake ni chifu, yule alisoma Ulaya akarudi na kikohozi. Baba alieleza safari zetu mbili, na wakamcheka.

"We, deni yako na benki ni gani, hata unaenda kwa muntu ya benki?" mmoja akasema.

"Na mwalimu je? Alikupa homework?" akasema mwingine.

Mama wa mandazi aligeuza mandazi yake, akasema bila kumtazama mtu, "Kuna ingine iko Area 18. Ule alikuwaka imigresheni yenyewe. Na yunifomu."

Wote wakageuka kumtazama. Sisi hapa tukisikia imigresheni, yaani uhamiaji, tunaangalia kama mlango uko wazi. Baba peke yake alitabasamu. Huyo ndiye mtu aliyetoka duka la jirani.

Area 18 ni mtaa wa Lilongwe wa nyumba zilizopangwa, zenye kuta na mageti, na bustani mbele. Ofisi yake ilikuwa gereji iliyopakwa rangi, na wateja walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya kibaraza. Alikuwa mtu mnene, wa sauti nzito na ya kupendeza, mwenye kucheka kabla wewe hujamaliza. Baba hakuhitaji kuuliza kwa urefu. Nilipoanza tu kutafsiri, yule bwana alinyoosha mkono, akajibu kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali lenyewe.

Alianza mpakani, akigonga mihuri kwenye pasipoti. Baadaye alihamishiwa Lilongwe, katika ofisi yenyewe ambamo maombi ya wakimbizi yanapita. Jioni alikuwa anasoma sheria. Alipopata shahada yake aliacha yunifomu, akafungua ofisi hii.

"Najua kila mlango wa jengo lile," akasema. "Najua hata ule unaokwama."

Nilitafsiri, na baba akayarudia maneno hayo kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayeonja kitu. Kila mlango. Hata wenye kukwama.

Kisha wakili akauliza mwaka ambao tulikataliwa. Baba akautaja. Yule bwana akacheka, akaegemea kiti chake.

"Mwaka huo nilikuwa bado pale pale."

Baba aliweka mkono kifuani. Nilimwona macho yakimetameta. Wakili hakumwuliza alilala wapi huko Bukavu. Hakumwuliza kama njia ilifungwa. Nilisubiri amwulize, nikawa nimeshaandaa maneno ya Kichewa kichwani, ya gesti, ya mzigo, ya barabara. Hakuuliza, na mimi sikuulizwa.

Tukiwa njiani kurudi, baba alikuwa mtu mwingine. "Mama, ulisikia? Alikuwako. Anabajua bote. Muntu kama ule hata asipofungua kinywa, bataogopa."

Ili kumlipa aliuza vitenge vilivyobaki na kabati la kioo la duka. Duka lake la Malawi lilikuwa Nsungwi, katika Area 25 ya Lilongwe, na lilikufa wakimbizi walipoamriwa watoke mjini warudi kambini. Kabati lile lilikuwa limesimama nyumbani kwetu Dzaleka, refu kuliko mlango, limejaa sufuria za mama. Siku lilipobebwa mama alipanga sufuria chini, ukutani.

Siku ya mahakama ilikuwa ya baridi, mwezi wa saba, na manyunyu yale mepesi ambayo hayaitwi mvua lakini yanalowesha. Tulitoka kambini alfajiri, kabaza, ile baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, kisha gari mpaka mjini. Baba alivaa koti lake la Idi. Kofia alikuwa ameishika mkononi, hakujua kama jaji atapenda iwe kichwani.

Tulisimama kwenye ukumbi na wakili wetu. Akaja mwanasheria wa serikali, kijana mwembamba, mafaili kwapani. Alipomwona wakili wetu alifungua mikono.

"Mkubwa," akasema kwa Kichewa, "bado unakunywa chai kwa vijiko vinne? Tangu uondoke sukari ya ofisi inabaki."

"Na wewe bado unaiba mandazi ya wenzako?"

Walicheka, wakashikana mabega. Wakauliziana watoto. Baba hakuelewa maneno yote, lakini aliuelewa mkono juu ya bega. Akanibana kiwiko.

"Unaona? Bantu ba kazi moja. Leo tunamaliza."

Nami pia, nikiri, moyo ulinipoa. Niliona sukari na mandazi, nikafikiri watu waliokula pamoja hawawezi kuumizana mbele yetu.

Tuliingizwa katika ofisi ya jaji, si ukumbi mkubwa. Meza ndefu, vitabu, dirisha lenye ukungu. Palikuwa na mkalimani wa mahakama, hivyo mimi nilikaa nyuma ya baba, sikuwa na kazi. Jaji alikuwa mzee mwenye miwani, sauti ya chini. Alitaja kesi yetu. Wakili wetu alisimama, akafunga kifungo cha koti, na kabla hajasema, yule mwembamba naye akasimama.

Alizungumza kwa adabu sana. Alisema kwamba kabla ya yote anasikitika kuleta jambo moja. Mwenzake aliyebobea, ambaye anamheshimu, wakati maombi ya mtu huyu yanakataliwa alikuwa ofisa katika ofisi hiyo hiyo iliyokataa. Leo amekuja kuipinga kazi ya ofisi yake. Anaweza kuhitajika kama shahidi. Je, inawezekana mtu huyo huyo awe wakili?

Mkalimani alitafsiri kwa Kiswahili cha Tanzania, sawa sawa. Baba alikuwa bado anatabasamu. Alikuwa amesikia kwamba mtu wake anatajwa kuwa alikuwako, na hilo ndilo alilokuwa amelinunua.

Jaji aliuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa," wakili wetu akasema. Sauti yake nzito ilikuwa imepungua. "Lakini faili hili sikuligusa."

"Uliwaeleza wateja wako jambo hili?"

"Niliwaeleza nilikofanya kazi, mheshimiwa. Tangu siku ya kwanza."

Jaji akamgeukia baba. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetafuta namna ya kutusaidia. Je, wakili huyu alikuambia kwamba alikuwa akifanya kazi katika ofisi ile?

Baba hakusubiri mkalimani amalize. Alisimama, kofia mkononi, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu duka lifungwe.

"Ndiyo. Njo kwa sababu ile tulimuchagua."

Mkalimani alisita. Alimtazama baba, akamtazama jaji, kisha akayatafsiri jinsi yalivyo, maana hiyo ndiyo kazi yake. Jaji alivua miwani. Yule mwembamba aliangalia karatasi zake, hata hakutabasamu. Hakuhitaji.

Baba aligeuka kunitazama. Alitaka nimweleze kwa nini wamenyamaza. Nilijua Kichewa chote cha kueleza, na Kiswahili chote, na sikupata hata neno moja.

Jaji alisema wakili huyu ajitoe. Alisema pia, na mkalimani akalifikisha hilo taratibu, kwamba haipendezi mahakama kusikia mtu akichagua wakili kwa ajili ya marafiki zake ofisini. Kesi haikutupwa. Tulipewa muda wa kutafuta wakili mwingine, na muda huo ukiisha bila wakili, kesi itatupwa. Hakuna aliyetaja Kindu. Hakuna aliyetaja Bukavu, wala gesti, wala barabara. Tuliingia na kutoka bila mtu kuuliza kama baba alisema kweli.

Nje, kwenye magari, wakili wetu alikuwa anaweka mkoba wake kwenye kiti cha nyuma. Baba alimfuata.

"Muulize kama alijua."

Niliuliza, macho yangu yakiwa kwenye tairi.

"Pepani, bambo," akasema. Hilo ni pole yao. "Nilidhani hawatalileta. Huyo kijana nilimfundisha kazi mimi." Akafunga mlango wa nyuma, akafungua wa mbele. "Na nyinyi hamkunichagua kwa sababu nyingine. Umesema mwenyewe mbele ya jaji."

Nilimtafsiria baba sentensi ile. Nafikiri ndiyo tafsiri mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, na haikuwa na kosa hata moja. Vitenge havikurudi, wala kabati.

Sitaki kusema kwamba yule bwana alikuwa mwovu. Alikuwa amesoma sheria, na mambo haya yamo katika sheria aliyosoma, lakini alitutazama na kuona wateja, kama sisi tulivyomtazama na kuona mlango. Ila yeye alikwenda nyumbani Area 18. Sisi tulirudi Dzaleka, mahali palipokuwa gereza zamani kabla hapajawa kambi, na mama alikuwa ameshasonga nsima, ugali wa huku, ili tule tukifurahi.

Hakumcheka baba. Alimwekea maji ya kunawa. Ni sokoni ndiko walikocheka.

"Muntu ya imigresheni amerudi," wakasema alipopita. "Ulifungua mlango wenye kukwama?"

Mama wa mandazi alimfungia mandazi kwenye gazeti, akakataa malipo, na hilo lilimuumiza baba kuliko maneno.

Siku ya msaada wa sheria ilipofika, mama ndiye aliyetuamsha. Tulikaa katika foleni ile ile. Baba alikuwa amejifunza la kusema: kwamba alikosea, kwamba mwalimu aliuliza vizuri, kwamba yuko tayari kujibu tena alilala wapi. Zamu yetu ilipofika, nyuma ya meza kulikuwa na kijana mwanamume, shati limenyooshwa.

Mwalimu hayuko, alisema. Mkataba wake uliisha. Hajui amekwenda wapi. Watu wa kazi hizi huja na kuondoka kadiri fedha za wafadhili zinavyokuja na kuondoka.

Nilisubiri baba aulize swali lake. Hakuuliza. Alikuwa ameinamisha kichwa, akizungusha kofia vidoleni. Basi nikasikia sauti ikiuliza, nayo ilikuwa yangu.

"Kabla ya hapa ulikuwa unafanya kazi gani?"

Kijana alishangaa. "Nani anataka kujua?"

"Mimi."

"Nilikuwa naandika mikataba ya makampuni ya tumbaku," akasema, akiangalia meza. "Sikiliza, dada. Mimi hapa natoa ushauri. Mahakamani siendi. Siruhusiwi na mradi huu."

"Mwalimu alisema angekwenda."

"Mwalimu alikuwa na moyo wake."

Hakusema kwa ubaya. Alitushauri tutafute wakili Lilongwe. Tukamshukuru, maana tumezoea kushukuru.

Nimefikiria sana jambo hili, na halinipi usingizi mzuri. Sisi tunaulizwa asili yetu mpaka jina la mto, mpaka rangi ya mlango wa shangazi, na tukikosea rangi tunaitwa waongo. Wao wana shahada ukutani na hakuna anayewauliza kitu. Baba alikuwa na haki ya kuuliza, na mpaka leo namtetea. Tena kila mmoja alimjibu kweli. Mzee wa benki alisema kweli, mwalimu alisema kweli, mtu wa yunifomu alisema kweli kuliko wote. Tulipewa ukweli mtupu, na tukaupima kwa mizani ya sokoni Kindu, ambako aliyetoka upande wa pili ni mali. Mahakamani mtu huyo ni sumu. Nani angetuambia? Mwenye kazi ya kutuambia ndiye tuliyekuwa tumemlipa.

Juzi walipita watu wa kuhesabu wakimbizi, nyumba kwa nyumba. Walimwuliza baba kazi aliyofanya kwao.

"Mi sina kazi," akasema. "Sikuwaka na kazi hata siku moja."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliacha, akamtazama, kisha akaendelea. Watu wa kuhesabu waliandika, wakaenda nyumba ya pili. Nilikumbuka alivyokuwa akisimulia zamani, mizigo ya chumvi ikipanda gari, watu wakimwita kwa jina barabara nzima. Hivyo navyo vimekwisha.

Muda aliotupa jaji unapungua. Haujaisha bado, ndiyo maana naandika sasa, mimi mwenye kuandika polepole. Kama unamjua mwanamke aliyefundisha darasa la tano upande wa Ntcheu kisha akawa wakili, mwambie kwamba yule mtu wa Kindu amekubali swali lake, na majibu yake nimeyahifadhi yote: gesti, mzigo, nyumba moja tu, barabara iliyofungwa. Kama wewe mwenyewe ni wakili na unakwenda mahakamani, niandikie. Anza kwa kuniambia ulifanya kazi gani kabla ya hii, na kwa nani, na kama uliwahi kukaa ofisi ile. Usidhani nakuuliza ili nikupime. Nauliza kwa sababu jaji atauliza, na safari hii nataka jibu tulijue mapema.

Na kama si wakili wala humjui, bado niandikie, nijue kwamba karatasi hizi zimefika kwa mtu. Barua yako mpe tu yule aliyekupa karatasi hizi, itanifikia. Mwandiko wako ukiwa mbaya kama wangu, usione haya. Nina subira ya kusoma.